Kapteni Zacharia Kipchumba Letting, Aliyefunga Kisima cha Malka Dera

Marehemu Mzee Zacharia Kipchumba Letting alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika kijiji cha Kapsirwo, Nandi, akiwa kifungua mimba wa marehemu Kibet arap Letting na marehemu Tabitha Jemutai. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, Hannah, kwa maagizo aliyoachiwa na marehemu mwenyewe. Unasomwa na mdogo wa marehemu, Josphat. Marehemu aliagiza usisomwe nusu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza kidato cha sita mwaka 1977. Alikuwa mwanafunzi hodari wa hesabu na mpenda utaratibu tangu utotoni. Akiwa kiranja wa darasa la saba alikabidhiwa lango la shule, na asubuhi moja ya mvua alimfungia nje Josphat, ndugu yake wa tumbo moja, aliyechelewa kwa sababu ya kurudisha ndama zizini. Josphat alilia kwa sauti. Zacharia alimtazama kupitia matundu ya lango akasema, "Sheria haina ndugu." Nyumbani kisa hiki kilichekewa miaka mingi, na marehemu alikicheka kuliko wote, mpaka alipoacha kukicheka.

Mwaka 1978 alijiunga na jeshi akiwa kuruta wa uafisa, na kufikia 1986 alikuwa kapteni. Katika miaka hiyo alimpata mwalimu Keziah Cherop, na wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984. Wanaokumbuka harusi hiyo husimulia kwamba bwana harusi aliingia kanisani kwa mwendo wa gwaride, akasimama mbele ya mchungaji na kupiga mguu chini mpaka watoto wakashtuka. Mungu aliwajalia watoto watatu: Hannah, Kevin na Velma.

Mwaka 1990 aliacha jeshi akaingia katika utawala, na mwaka 1994 alipelekwa kaskazini kuwa D.O. wa tarafa ya Malka Dera. Ilikuwa nchi ya wafugaji, watu kama elfu tisa, barabara moja ya vumbi na kisima kimoja cha injini. Serikali ilikuwa mbali, na huko yeye ndiye aliyekuwa serikali. Aliamua kesi za malisho, aligawa mahindi ya msaada, alitoa vibali vya kusafiri, aliamuru askari. Alijenga madarasa manne na zahanati, na alitembea kwa miguu maboma yote kabla ya kumaliza mwaka wake wa kwanza. Wazee wa kule walimpenda. Hilo nalo liandikwe, alisema, maana ni kweli, na ndilo linalofanya yafuatayo kuwa mabaya zaidi.

Mapema Februari 1996 bunduki mbili za serikali zilipotea katika kituo cha Malka Dera. Marehemu aliwaita wazee akawapa siku tatu wazirudishe. Wazee waliapa kwamba hawazijui. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12, D.O. alikwenda kisimani yeye mwenyewe, akautoa mkanda wa injini, akafunga mlango wa kibanda kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Bunduki zikija, maji yatakuja," aliwaambia.

Mzee mmoja alimwambia, "Bwana D.O., tuko kwenye mfungo. Tutafuturu nini?"

"Ulizeni wezi wenu," alijibu.

Hakuna mkubwa yeyote aliyemwagiza afanye hivyo. Aliikariri kauli hii kwa Hannah mara tatu ili asije akaisahau: hakuna aliyemwagiza. Kisima kilifungwa siku tisa, na siku hizo ziliangukia mwisho wa Ramadhani. Nyumba ya D.O. ilikuwa na tangi lake. Watoto wake walioga kila jioni. Mama Keziah aliwapitishia wanawake wawili mitungi ya maji uani, na mumewe alipojua alimkemea mbele ya askari.

Watu walianza kuhama kwenda kisima cha mbali, mwendo wa kilomita thelathini na nane. Siku ya saba, Jumapili tarehe 18, siku mbili kabla ya Idi, mama mmoja aliyeitwa Dahabo Boru alianguka njiani na kufariki mikononi mwa mwanawe, Hashim, kijana wa miaka ishirini na miwili. Walimzika palepale, kando ya njia.

Siku ya tisa bunduki zilipatikana. Zilikuwa zimefukiwa nyuma ya bweni la askari, na aliyezifukia alikuwa askari wa D.O. mwenyewe. Marehemu alifungua kisima. Hakuomba radhi. Katika ripoti yake aliandika kwamba wakazi walihamahama kutafuta malisho kama ilivyo desturi yao, na kwamba mwanamke mmoja mwenye umri mkubwa alifariki kwa maradhi. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo. Alistaafu mwaka 2009 akiwa na cheti cha utumishi bora, ambacho wengi wenu mmekiona sebuleni.

Septemba 2011 alikwenda Saudia, akapata kazi Riyadh ya kusimamia kambi ya wafanyakazi wa maghala huko Al-Sulay. Wanaume mia nne walilala pale: Wakenya, Waganda, Wanepali, Wafilipino. Marehemu aliwapanga kama kikosi. Alikagua vitanda, alipatanisha wagomvi, alifuatilia ikama, yaani vibali vya ukaazi, zilizochelewa mpaka makarani wakamkimbia. Wakenya walimwita Gavana, na Wafilipino wakamwita Gobernador, na yeye akalipenda jina hilo. Nyuma ya mabweni alipanda sukuma wiki na kuinywesha maji yaliyodondoka kutoka kwenye viyoyozi. Ijumaa alichuma fungu akalipeleka mtaa wa Malaz, kwa rafiki yake Christopher, msimamizi wa madereva wa teksi, wakapika ugali na kusikiliza habari za nyumbani.

Siku moja mwezi wa Machi 2017 lori la friji lilifika ghalani kutoka Jeddah. Dereva alikuwa akisubiri kushushiwa mzigo aliposikia sauti ya marehemu ikiwapanga wapagazi. Alishuka, akamkaribia.

"Wewe ulikuwa D.O. Malka Dera," alisema.

Marehemu alifurahi, akadhani amepata mtu wa nyumbani. "Ndiye mimi! Wewe ni wa nani kule?"

"Wa Dahabo Boru. Mama yangu ulimuua kwa kiu."

Wapagazi waliacha kazi wakasikiliza. Marehemu alitafuta neno. Alilolipata lilikuwa hili: "Ndugu yangu, yale yalikuwa mambo ya serikali."

Hashim alimtazama, akatia sahihi karatasi zake, akapanda lori lake akaenda. Waswahili wamesema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Marehemu hakuwa amesahau. Alikuwa ameficha, na tangu siku hiyo hakuweza kuficha tena. Alipungua mwili. Alikosana na Christopher bila sababu. Alikuwa akimpigia Hannah simu kule Jeddah, alikokuwa muuguzi, akamwuliza habari za kazi, kisha akanyamaza mpaka binti akadhani laini imekatika.

Julai 2019 wafanyakazi wa kambi walikataa kupanda mabasi yasiyo na kiyoyozi. Joto lilikuwa digrii arobaini na saba. Msimamizi mkuu alimwita Gavana ofisini.

"Funga maji mabwenini," alimwambia. "Mafi shughuli, mafi maji: hakuna kazi, hakuna maji. Mpaka wapande. Yalla."

Marehemu alitoa funguo zote za kambi akaziweka mezani. "Bosi, funguo hizi hapa. Funga wewe. Mimi nilishafunga mara moja."

"Halas, huna kazi hapa!"

Kambi ilikuwa na koki kumi na moja. Msimamizi hakujua ya mabwenini ni ipi, na siku ile hakupatikana mtu wa kumwonyesha. Siku ya tatu yaliletwa mabasi mengine. Gavana alivuliwa usimamizi akawekwa kulinda lango la ghala. Vijana walitaka kumfanyia karamu. Alikataa kwa ukali wasioutarajia. "Mnanisifu kwa nini?" aliwauliza. "Kukataa mara ya pili hakufuti mara ya kwanza."

Ndipo alipokwenda Malaz kwa miguu, akapatana na Christopher na kumwomba amtafutie dereva Hashim. Christopher aliulizia kwa madereva wake, na baada ya wiki tano alipata jibu: Hashim Dida Guyo alikuwa akiishi Jeddah, mtaa wa Aziziya. Marehemu alituma salamu, akaomba aruhusiwe kwenda. Jibu lilichukua miezi miwili. Lilikuwa fupi: "Aje Ijumaa. Asije na zawadi."

Alisafiri kwa basi kutoka Riyadh hadi Jeddah, akafika amevimba miguu. Hannah alimpokea na kumsindikiza Aziziya bila kujua wanaenda kwa nani. Walikuta chumba cha chini, zulia, na watu wanne wa Malka Dera wanaofanya kazi Jeddah: Hashim, wanaume wawili, na mama mmoja aliyeitwa Halima, mfanyakazi wa nyumbani katika jumba jirani, aliyeomba ruhusa ya saa mbili kwa madam wake.

Marehemu alikataa kiti, akaketi chini. "Nimekuja kusikiliza," alisema. "Sikuja kujibu."

Walizungumza mmoja mmoja. Mmoja alieleza ng'ombe walivyoanguka wakiwa wamekiangalia kibanda cha injini. Halima alieleza kwamba siku zile alikuwa akinyonyesha na maziwa yakamkauka. Hashim alizungumza mwisho. Alisema alimbeba mama yake mgongoni tangu alfajiri, na kwamba mama alikuwa akimwambia, "Niweke chini, mwanangu, upumzike," na yeye alimweka chini mara ya mwisho akidhani kweli anapumzika.

Marehemu alilia. Halima akamwambia, "Usitulilie hapa, mzee. Sisi tulishalia."

Akajifuta. Akawaambia kuhusu mkanda wa injini, kuhusu mahali bunduki zilipopatikana, jambo ambalo hawakuwahi kulijua, na kuhusu ripoti aliyoiandika. Kisha akasema, "Hashim, naomba msamaha wako."

"Mimi sina msamaha wa kukupa," Hashim alisema. "Mwenyewe amelala njiani kule. Ila nitakuambia jambo moja. Umeandika uongo juu ya mama yangu kwenye karatasi ya serikali. Andika ukweli kwenye karatasi nyingine, usomwe mbele ya watu wako, si mbele ya wangu. Wangu wanaujua."

"Nitaandika," marehemu alisema. Akaomba aelezwe habari za Bi Dahabo, na Hashim akamweleza. Hannah ndiye aliyeandika.

Kwenye teksi Hannah hakuweza kumtazama baba yake. Alikuwa na umri wa miaka minane mwaka ule wa kisima, na aliyakumbuka maji ya tangi, jinsi yalivyokuwa ya baridi. Anakiri hapa kwamba alikaa wiki sita bila kumpigia simu.

Mwaka 2021 figo za marehemu zilianza kushindwa. Alihamia Jeddah kwa Hannah, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Madaktari walimpimia maji: nusu lita kwa siku, basi. Hakulalamika hata siku moja, na wauguzi waliomwonea huruma aliwaambia wasimwongeze. Aliuandika ukweli wake mara nne na kuuchana mara nne, kwa sababu kila mara alijikuta ameanza kujitetea kwenye ukurasa wa pili. Mwishowe alimwachia Hannah. Hashim alikuja kumtazama hospitalini mara moja, Januari mwaka huu. Walizungumza habari za mvua za kaskazini na bei ya ngamia. Neno la msamaha halikutajwa, na hatutalitaja kana kwamba lilitajwa.

Marehemu alituaga Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali moja ya Jeddah, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Wiki hii, wasifu ulipoletwa mbele ya familia, mdogo wake Josphat alisema, "Wasifu si mahakama. Tumzike ndugu yetu na heshima yake." Mabishano yalichukua siku mbili. Aliyeyakata ni Mama Keziah. "Mimi nilikemewa kwa mitungi miwili, nikanyamaza miaka ishirini na tisa," alisema. "Sinyamazi tena. Usomwe wote, na Josphat ausome." Josphat amekubali.

Marehemu amemwacha mjane, Keziah, watoto watatu, Hannah, Kevin na Velma, wajukuu wanne, na ndugu watano, wakiongozwa na Josphat.

Aliomba pia, kabla hajashushwa kaburini, usomwe wasifu wa mwingine, ambaye hakupata kusomewa wa kwake.

Marehemu Bi Dahabo Boru alizaliwa Malka Dera, mwaka wa mvua kubwa, tarehe haijulikani. Hakusoma shule. Alifuga ng'ombe na mbuzi, na alijulikana kwa kukamua haraka kuliko wanaume. Aliolewa na Dida Guyo wakazaa watoto saba. Alipenda chai yenye iliki na alikuwa na sauti kubwa ya kucheka. Hakuwa mgonjwa. Alifariki kwa kiu tarehe 18 Februari 1996, akiwa amefunga, kwa amri ya mtu tunayemzika leo. Ameacha watoto saba na wajukuu ishirini na watatu.

Mola ampe Bi Dahabo pumziko jema, na ndugu yetu Zacharia amfanyie kama atakavyoona ni haki.