Nilivyofagia Ploti Yangu Mwenyewe Kama Kibarua

Sifa ni kwa Bwana, ndugu zangu! Na nyinyi wa nyuma karibu na mlango, sifa ni kwake hata huko, msijifiche! Mimi ni Mama Jerono wa Moiben. Wengi wenu mnanijua kwa maziwa. Leo sijaleta maziwa, nimeleta ushuhuda, na naomba msicheke kabla sijafika mahali pa kucheka.

Marehemu mzee wangu aliniachia ploti ndogo kule Kapseret, karibu na mji wa Eldoret. Ilikaa tu, ng'ombe za majirani zikila nyasi. Halafu msimu mmoja mahindi yakafanya vizuri, nikauza, nikaongeza pesa ya ng'ombe wawili, nikajenga vyumba vinne vya mawe, mabati ya kijani juu. Watu wa kwetu walisema mama mjane hawezi kuwa landlord, wapangaji watamkalia kichwani. Nikawaambia Mungu wangu ni mkubwa. Ndugu zangu, Mungu ni mkubwa kweli, lakini wale watu pia walikuwa na pointi!

Mpangaji wa kwanza aliitwa Gideoni. Alikuja na suti, tai, na mkoba wa ngozi. Kiingereza kilikuwa kinamtoka kama mtu wa kusoma habari. Mimi nikafurahi mpaka nikasahau kumwuliza chochote. Akachagua chumba cha karibu na geti. Akaniambia, "Mama, wewe unatoka mbali. Wengine wakikuja, mimi nitakuangalilia hapa."

Nikaona ni malaika! Nilisimama hapa hapa nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, mnakumbuka? Nyinyi wenyewe mlipiga makofi!

Vyumba vikajaa haraka. Gideoni alikuwa akiwakusanyia wote kodi na kunitumia kwa simu bila shida, sikuwa na neno. Halafu Jumamosi moja nikashuka Kapseret na gumboot zangu na fyekeo, nikate nyasi, nifagie. Mama mmoja mgeni, mpangaji anaitwa Sharon, akatoa kichwa mlangoni akaniita.

"Mathe, ukimaliza hapo, pitia na huku kwangu. Landlord alituambia utakuwa unakuja."

"Landlord gani?"

Akanyoosha kidole. Gideoni alikuwa ameketi kwa kiti nje ya chumba chake, mguu juu ya mguu, akichokora meno na kijiti. Wapangaji wanapita wakimsalimia, "Habari ya asubuhi, landlord." Mmoja alimletea chai! Aliponiona, akanipungia mkono. "Fanya kazi vizuri, Mama!"

Na ndugu zangu, niliifanya! Nilikata nyasi mpaka nyuma ya choo. Nikafagia kwa Sharon, na Sharon akasema nimeacha vumbi kwa kona, nikarudia kona. Nikapanda gari kurudi Moiben nikijiuliza kama pengine nimechanganyikiwa na ile ploti kweli ni ya huyu mtu.

Mtaniuliza, Mama Jerono, kwa nini hukusema? Cheti cha ploti kiko nyumbani kwangu, chini ya godoro. Lakini hofu haisomi cheti! Kila nikifungua mdomo, Gideoni alikuwa anasema, "Actually, Mama," halafu Kiingereza kinafuata, na mimi nafunga mdomo. Nilikuwa natoka nyumbani na maneno makali, nikifika getini yanageuka kuwa, "Shikamoo, habari ya kazi." Shikamoo! Mtu mwenye umri wa mtoto wangu!

Mambo yakazidi. Chumba cha mwisho alikaa Mama Wambui, yule anauza mboga kando ya barabara, mtu wa Nyeri, mpole sana. Siku moja nilimpata analia juu ya gunia la sukuma. Gideoni amemwambia ahame, anataka chumba chake aweke viti vya sofa. Mama Wambui akanishika mikono. "Mama, wewe naona mnaelewana na landlord. Tafadhali niombee kwake."

Ndugu zangu, niliombwa niende kumbembeleza mpangaji wangu kwa ajili ya nyumba yangu. Na nusura niende!

Hapo hapo nikaona wanaume wawili wakivuta kamba ya kupimia kutoka kwa geti mpaka kwa ukuta. Nikauliza wanafanya nini. Mmoja akanijibu bila kuniangalia, akielekeza kidevu kwa kiti cha Gideoni, "Tunapima. Mwenyewe anauza, mnunuzi anakuja wiki hii."

Nilirudi nyumbani nikaketi kukamua. Siku hiyo hata ng'ombe alijua, akanipiga teke, nikamwaga ndoo nzima. Nikaona jasho la mzee wangu linapimwa kwa kamba na mimi nimeshika ufagio. Nikafunga, nikaomba. Nikamwambia Bwana ateremshe moto juu ya Gideoni. Sio moto mkubwa, wa kiasi tu. Wamama wa ushirika, Mungu awabariki, wakaniombea, halafu wakaniambia, "Umeomba. Sasa inuka uende." Nikainuka.

Ile wiki mvua ilikuwa imenyesha Eldoret nzima kama iliyotumwa. Nilianza kunusa kitu nikiwa bado barabarani. Halafu nikasikia kelele. Kufika getini, choo kilikuwa kimejaa, mvua imekisaidia, na yale yote yalikuwa yakitelemka taratibu kuelekea geti. Nani alichagua chumba cha karibu na geti? Halleluya!

Gideoni alikuwa amesimama juu ya kile kiti chake, na suti, viatu mkononi. Wapangaji wamemzunguka. Sharon ana ufagio. Mama Wambui, yule mpole, amefunga leso kiunoni.

"Landlord, leta lori la kunyonya choo! Leo!"

"Watoto wetu watagonjeka!"

Na pale pale gari likasimama, mnunuzi akashuka na viatu vya kung'aa, kitambaa puani. Mama Wambui akamsogelea Gideoni. "Sema mbele ya huyu mgeni. Wewe ni landlord ama si landlord?"

Gideoni akaangalia choo. Akaangalia watu. Akaangalia mnunuzi. Akapaza sauti, "Mimi si landlord! Mimi ni mpangaji kama nyinyi! Mwenye ploti ni yule mama wa gumboot!"

Ndugu zangu! Nilikuwa nimeomba moto kutoka juu, Bwana akajibu kutoka chini!

Sijui nilitoa wapi nguvu. Nikasema, "Gideoni, rudia. Wa nyuma hawajasikia." Akarudia! Mnunuzi aliingia gari hata bila kuaga. Sharon akashika mdomo. "Woi, Mama! Na vile nilikutuma ufagie!" Nikamwambia, "Ulinituma na nikaja. Sasa niletee huo ufagio, tusaidiane."

Nikaita lori, likaja siku hiyo hiyo. Nikamwambia Mama Wambui afungue leso, haendi popote. Nikampa Gideoni notisi. Akaanza, "Actually, Mama..." Nikamwambia, "Actually, nimemaliza." Mwisho wa mwezi sofa zake zikapanda pikapu. Popote amepanga, Bwana ambariki, na Bwana amfungue macho huyo mwenye nyumba.

Ninamshukuru Mungu. Ninawashukuru wamama wa ushirika. Na wewe umeketi hapo, kuna kitu Mungu amekupa na unaogopa kukiita chako, labda ni shamba, labda ni duka, labda ni sauti yako mwenyewe. Mwamini! Inuka uende, hata kama unaenda na gumboot, mimi nilienda na zangu.

Na kabla sijakaa, mchungaji aniruhusu. Chumba cha karibu na geti bado kiko wazi, kimeoshwa na kupakwa rangi. Mwenye anakitaka, baada ya ibada aniulize mimi. Mimi ndiye mwenyewe.