Mama Waraka, Aliyegawa Shamba Akiwa Hai

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, kitinda mimba wa fundi seremala na mkewe mkulima. Alizaliwa shambani, na hapa hatutumii tamathali: uchungu ulimshika bibi katikati ya matuta ya maharage, akajifungulia papo hapo. Shangazi aliyempokea alisema mtoto alifungua macho kwanza, ndipo akafungua mdomo. Mliomfahamu mnajua kwamba tangu siku ile mdomo huo haukufungwa tena.

Alianza shule mwaka 1957. Alisifika kwa hesabu, na kwa kutolewa nje ya darasa kwa kucheka. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha kilimo, ambako wasichana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na miaka miwili baadaye akahitimu kuwa bibi shamba.

Kazi yake ilikuwa kupeleka mashambani yaliyoamuliwa ofisini. Mwaka huu pamba, mwaka ujao alizeti. Mbegu hii ndiyo, ile ya juzi siyo. Alifika kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaanza: "Jamani, umekuja waraka." Haikuchukua muda watu wakalisahau jina lake, wakamwita Mama Waraka, naye akaitika.

Ni waraka huohuo uliompatia mume. Mwaka 1974 alitumwa kumshawishi kijana mmoja aliyekataa kulima pamba, shamba zima kajaza mihogo. Kijana alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kama waraka unaeleza pamba huchemshwa kwa muda gani. Bibi shamba alicheka hadi akakaa chini. Kazi ilimtaka afike pale mara moja tu. Yeye alirudi na kurudi, mpaka Desemba ya mwaka uleule wakafunga ndoa. Baba husema serikali ilimletea vingi, vyote vikachelewa, ila huyu alifika kwa wakati. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Si kila waraka ulichekesha. Miaka ya tisini ruzuku ya mbolea ilipofutwa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wakulima kuwaeleza kwamba kuanzia msimu ule wangenunua kwa bei ya soko. Hakuna aliyemtukana. Walimshukuru kwa kuja, wakaenda zao, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Baada ya hapo aliwaona vijana wakiondoka mmoja mmoja, majembe wakiwaachia wazee. Kifungua mimba wake naye aliondoka, akawa karani wa bohari mjini.

Alistaafu mwaka 2009. Miaka iliyofuata ruzuku ilirudi, lakini kwa mkulima mwenye shamba lililoandikishwa kwa jina lake. Mwaka 2016 alikuja mkubwa mmoja wa wizara, akahutubia uwanjani mwa shule. Akawasihi vijana warudi kulima, maana mbolea sasa ni nusu bei. Vijana wakapiga makofi ya heshima. Mama akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, unawaambia vijana warudi shambani. Shamba la nani?"

Uwanja mzima ukacheka, mgeni akaahidi kwamba suala hilo litaangaliwa.

Mama alirudi nyumbani anatembea kishujaa, hadi alipofika shamba lake la bondeni na kumkuta mjukuu wake wa kwanza, binti wa bintiye, akipalilia. Binti yule alikuwa na cheti cha kilimo na nguvu za kumwaga, lakini hakuwa na hata tuta moja kwa jina lake. Hati ilikuwa sandukuni mwa bibi. Jioni alimwambia mumewe kwamba nyani haoni kundule, ila yeye la kwake ameliona leo, tena mchana kweupe.

Akaamua kumwandikishia mjukuu shamba la bondeni, alime pamoja na watoto wa majirani wasio na pa kulima. Kifungua mimba alipopata habari alipanda basi siku hiyohiyo.

"Mama, unagawa urithi wetu ungali hai?"

"Nikifa mtagombana bila mimi. Afadhali mgombane nikiwepo, nisikie."

Kifungua mimba alirudi mjini kwa hasira, na kwa karibu mwaka mzima akawa anampigia simu baba peke yake. Mama alilia kwa siri, lakini hakurudi nyuma.

Vijana walijiandikisha, wakapata mbolea ya ruzuku. Msimu wa kwanza walipanda mahindi kama kila mtu aliyepata mbolea ile, na kwa kuwa kila mtu alivuna, bei ikaanguka na magunia yakadoda. Msimu wa pili wakapanda pilipili hoho, wakatandaza mabomba ya kumwagilia kwa matone. Mama aliwacheka waziwazi. Alisema hoho ni pambo la sahani, si zao, na yale mabomba akayabatiza "serikali", kwa kuwa yanatoa kidogokidogo. Lori la mnunuzi liliposimama pembeni ya shamba likajazwa, alikubali yaishe: akapika hoho sufuria nzima, akala sahani mbili.

Likizo ya mwaka huo kifungua mimba alikuja, akasimama ukingoni mwa shamba kwa muda mrefu, kisha akavua viatu. Alimwomba mama kipande kidogo.

"Mimi sina shamba," mama akamjibu. "Waombe wenyewe."

Akamwomba mpwa wake, akapewa penye mawe. Mama alicheka wiki nzima.

Agosti mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Hata wodini hakutulia: aliwauliza wauguzi kwa nini nyuma ya jengo kuna nyasi tupu, na leo pana mchicha. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, akiwa ameshikwa mkono na kifungua mimba wake, karani mwenye sugu mpya viganjani.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane na vitukuu wawili. Ameacha pia vijana wa bondeni. Mkiwaona wameingia wamechelewa, na matope miguuni, msiwalaumu. Aliwaagiza mwenyewe kwamba siku ya kumzika wamwagilie kwanza. "Mimi siendi popote," alisema. "Miche ndiyo haingoji."

Udongo alioupenda umpokee vyema, naye apumzike humo kwa amani.