Dkt. Seok Myeong-ran, Aliyeipima Pakanga ya Baba Yake

Dkt. Seok Myeong-ran alizaliwa tarehe 12 Aprili 1958 mjini Jecheon, kitinda mimba wa Mzee Seok Gi-bong, muuza mitishamba, na Bi. Pyo Sun-rye. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, katika mtaa wa wauza mizizi ambao leo umejaa maduka ya kahawa. Alitambua majani kwa kuyanusa kabla hajajua kusoma, elimu ambayo sasa haina mwenyewe.

Alisoma Jecheon hadi sekondari. Uwezo ulikuwa wa kumsomesha mtoto mmoja, akachaguliwa yeye. Mimi kaka yake nilisoma vitabu alivyovimaliza. Hatukukosea. Alihitimu kemia huko Daejeon mwaka 1981, na shahada ya uzamivu mwaka 1990.

Mwaka 1984 aliolewa na Bw. Ma Jong-sik, mwalimu. Harusi ilifanyika uani kwetu, kwa mila zote, si hizi za kukodi ukumbi na kufukuzwa kabla supu haijapoa. Walijaliwa binti, Yun-seo.

Kuanzia 1991 hadi 2018 alifanya kazi katika maabara ya mimea ya dawa. Mwaka 2003 baba alimpa pakanga yake, majani machungu aliyokuwa akiyauza tangu ujanani kama dawa ya unene. Maji yake yalipopimwa yalizuia vizuri uoksidishaji, yaani ile kutu inayokula chembe za mwili. Panya wanene waliochanganyiwa pakanga chakulani nao wakakonda. Baba akatundika bango dukani kwamba pakanga inakondesha, mtaa mzima ukajua.

Lakini marehemu alipopima mabaki ya chakula, alikuta vyombo karibu vimejaa. Akaja kumwambia baba dukani, wateja wakiwapo.

“Baba, hawakukondeshwa na dawa. Chakula kilikuwa kichungu, wakakisusa.”

“Pakanga hii ndiyo iliyokusomesha, binti. Leo unaniita mwongo mbele ya wateja?”

“Nakuita baba. Ndiyo maana narudia jaribio kabla hajaja mwingine kukuita hivyo.”

Alirudia, safari hii dawa ikipelekwa kwa mrija hadi tumboni, na panya wote wakila sawa. Hakuna aliyekonda. Uwezo wa kuzuia kutu ulibaki pale pale, naye akaandika yote mawili. Kiangazi kizima baba hakupokea simu yake.

Vuli ilipofika, maabara ilifanya ibada ya kila mwaka ya kuwaombea wanyama waliokufa kwa majaribio. Marehemu alikuwa ameinama mbele ya jiwe la kuwakumbuka baba alipotokea na bakuli la wali mweupe.

“Wapeni panya chakula hiki, hakina uchungu,” alisema. “Wamesema kweli, na mliwashindisha njaa.”

Jioni ile alishusha bango, akaandika kibao kwa brashi: PAKANGA. CHUNGU. HAIPUNGUZI TUMBO. Wateja walicheka, wakanunua, hadi baba alipofariki mwaka 2011.

Machi 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Jirani alimletea unga wa muujiza, akidai umeponya wengi. Marehemu akamuuliza kwa upole, “Waliopona, walikuwa wanakula nini?” Kisha akaomba chai ya pakanga, kwa sababu aliipenda. Alifariki tarehe 3 Novemba 2023, nyumbani.

Ameacha mume, binti, mjukuu Ma Do-gyeong, na mimi, Seok Byeong-cheol. Kibao cha baba kiko kwangu, hakiuzwi.

Myeong-ran, pumzika kwa amani. Ulipima sawasawa.