Noelene na Majibu Yaliyochelewa Miaka Tisa

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna chai jikoni, kamimineni kwanza, nawangoja. Leo tunamkumbuka Noelene Prideaux wa hapa mjini kwetu Ulverstone, tuliyemzika Jumanne. Noelene, msusi mstaafu. Noelene, mwanablogu. Nawaambia mapema kwamba mtacheka, maana mwenyewe hakuwapenda watu wa kujiliza.

Alikuwa na saluni pale mjini mpaka magoti yakakataa kusimama kutwa. Akaifunga. Sasa mtu aliyezoea kupiga soga na wateja tangu asubuhi, umwache nyumbani na kuku? Akaanzisha blogu. Akaandika habari za kuku wake, magoti yake, na upepo wa baharini uliomng'olea bati la banda. Mwaka ukapita, hakuna aliyesoma. Mumewe, Barrie, akawa anamtania: "Mama Kerryn, si bora uongee na friji? Friji angalau linanguruma."

Binti yao, Kerryn, ameniambia hivi: "Mama alinuna kwelikweli. Halafu akasema, 'Basi, naacha kungoja nisomwe. Naanza kusoma mimi.'"

Akaanza. Kila siku akishalisha kuku, alifungua blogu za watu wa kawaida, wanaoandika mambo ya nyumbani kwao, naye akawajibu. Hakuishia kuwaachia neno moja tu chini ya ukurasa wao. Alirudi kwenye blogu yake, akaandika habari nzima ya kumjibu mtu, akaweka na kiungo cha kwenda kwenye blogu ya mtu huyo. "Ukimwambia mtu ameandika vizuri, umempungia mkono tu ukapita," alikuwa akisema. "Mwambie na la kwako."

Waliojibiwa nao wakamjibu. Kisha wakaanza kujibizana wenyewe kwa wenyewe. Ndivyo lilivyozaliwa genge letu. Nasema letu kwa sababu na mimi nimo. Niliandika kwamba mkate wangu umetoka mgumu kama tofali, yeye akaandika juu ya mkate wake uliomshinda hata jogoo. Nilicheka peke yangu jikoni. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Sasa sikilizeni kosa lake, kosa la wanablogu hasa. Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa Juni, alifungua ule ukurasa unaomletea maandishi mapya ya watu anaowasoma. Juu kabisa akamkuta Desmond Tuckwell, mzee wa Gore, New Zealand, ambaye huandika juu ya kondoo na ambaye hatukuwa tumewahi kumjibu. Safari hii hapakuwa na kondoo. Desmond aliandika: "Leo wamemlaza mke wangu Aileen hospitalini. Nimerudi nyumbani, nimekaa jikoni, naogopa."

Noelene hakutazama tarehe. Aliandika pale pale jinsi alivyoogopa Barrie alipopasuliwa moyo. Akatuita wote. "Jamani, mwenzetu yuko peke yake!" Tukaandika. Mmoja akaeleza namna ya kulala kwenye kiti cha hospitali. Mwingine akatoa maelezo ya kupika supu ya maboga ya kumtosha mtu mmoja. Mimi nilimwombea Aileen apone.

Wasikilizaji wapendwa, Aileen alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Miaka tisa. Desmond alikuwa amehamishia blogu yake kwenye anwani nyingine tu, na mitambo ikatuletea maandishi yake ya zamani kana kwamba ameyaandika leo.

Noelene alitamani ardhi ipasuke. Barrie akamwambia, "Mmempelekea mtu supu miaka tisa baadaye? Si imeshaganda!"

"Nyamaza, mzee wewe," akajibu, akapiga simu Gore. Kerryn alikuwepo, akasikia yote.

"Bwana Tuckwell, nimekutonesha kidonda. Nisamehe."

"Dada, tulia," akasema Desmond. "Unajua siku ile nilipoandika nilijibiwa na wangapi?"

"Wangapi?"

"Hakuna. Nilikaa na kompyuta wazi mpaka asubuhi, hakuna hata mmoja. Sasa nilikuwa nayahamisha maandishi yangu niyahifadhi, kisha niifunge blogu. Nimechoka kusema peke yangu."

Noelene akavuta kiti, akakaa.

"Halafu nikayakuta majibu yenu," akaendelea Desmond. "Nimeyasoma yote. Supu nimeipika. Chumvi imezidi, mwambieni mwenyewe."

Blogu haikufungwa. Alimjibu kila mmoja wetu, na kwa majibu hayo tukamjua Aileen: alivyoimba akikama, alivyowachukia bata. Noelene alisema hilo ndilo kosa bora alilowahi kufanya.

Wiki iliyopita, moyo wa Noelene ulisimama akiwa bustanini. Genge zima liliandika. Juzi, siku moja baada ya mazishi, blogu yake ikatoa maandishi mapya. Nilishtuka. Alikuwa Barrie, Barrie yule yule, aliyekuwa hajawahi kuandika mstari. Aliandika: "Mimi ni mume wake. Nyumba imekuwa kimya. Sijui nianzie wapi."

Chai yangu haijapoa, Desmond alikuwa ameshajibu, kutoka kwenye blogu yake. Nawasomea:

"Barrie, mimi nilianzia kwenye kikombe cha Aileen. Nilikiosha, nikakirudisha kabatini, nikalia. Kesho yake nikakitoa, nikanywea chai mimi. Siku ya tatu hivyo hivyo. Wewe andika tena kesho. Niko hapa."

Barrie, Kerryn, poleni sana. Poleni kutoka studio hii na kutoka kwa genge zima. Tulimpenda, na tutazidi kumpenda.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tutafakari kidogo. Yupo mtu mnayemfahamu ambaye amesema jambo wiki hii, kwa maandishi au kwa mdomo, nanyi mkapita. Huenda bado amekaa anangoja. Nazima kipaza sauti sasa. Barrie ameandika tena asubuhi hii, na zamu ya kumjibu ni yangu.