Felista wa Daa na Breki za Gari Jipya

Wasikilizaji wapendwa, mlio shambani, mlio jikoni, na ninyi mnaotembea nyuma ya ng'ombe na redio mfukoni, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Felista Qamara, mkulima wa Daa, wilayani Karatu. Felista alinunua gari jipya, gari likawa bovu, naye akakataa kunyamaza. Alizikwa Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake.

Felista alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka mnadani, alicheka kwaya ikikosea. Binti yake, Marsela, anasema, "Mama alicheka hata akiwa na homa. Ila ukigusa haki ya mtu, kicheko kinakatika hapo hapo."

Kwa miaka mingi alilima mbaazi pamoja na akina mama wenzake wa kikundi. Mvua ikinyesha barabara inaharibika, na mchuuzi mwenye gari ndiye anayewapangia bei. Felista akachoka. Akauza ng'ombe wake, akachanganya na akiba ya maisha, akaenda Arusha kwa muuzaji wa magari. Akakabidhiwa pikapu mpya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa Kimaasai alikuwa anachukua pikapu ya aina ile ile. Jina lake Metui, mfugaji wa Oloipiri, kule Loliondo. Wakapongezana, wakapeana namba za simu.

Furaha haikudumu, wasikilizaji wapendwa. Siku moja Felista alikuwa anateremka kwenda Mto wa Mbu. Nyuma kuna magunia ya mbaazi, ndani wanawake wenzake wanaimba. Akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena, hamna kitu. Upande mmoja bonde, upande mwingine ukuta wa mlima. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akausugua ubavu wa gari mlimani mpaka likasimama.

Antonia, aliyekaa kando yake, anakumbuka: "Aligeuka akatuuliza, 'Mpo wote?' Ndipo akaachia usukani."

Gari likavutwa hadi Arusha. Muuzaji akamwonyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Baba, sijaleta viatu vilivyonibana," Felista akamwambia. "Nimeleta gari lisilosimama."

"Umelipakia kupita kiasi, mama. Gari likishatoka getini ni lako."

Wengi wetu tungerudi nyumbani kulia. Felista alikwenda kwa msaidizi wa kisheria pale Karatu mjini. Akaelezwa kwamba kibao hakifuti sheria: kitu kinachouzwa lazima kifae kwa kazi yake, na mnunuzi ana haki ya kudai fidia kwa kasoro aliyoikuta. Akaomba gari likaguliwe na fundi asiye wa muuzaji. Fundi akakuta pampu ya breki ina kasoro ya tangu kiwandani. Ilikuwa inavuja ndani kwa ndani, tone halionekani chini.

Hapo muuzaji akalainika. Akamkaribisha chai. "Mama, tutakupa gari lingine. Ila haya yaishie hapa, mimi na wewe."

Felista akauliza, "Na yule kijana wa Oloipiri?"

"Huyo hajalalamika."

"Maiti halalamiki, baba."

Akaacha chai mezani, akarudi Daa bila gari. Marsela hafichi kwamba aligombana na mama yake. "Nilimwambia, mama, chukua gari lako, ya wengine waachie wenyewe. Akaniambia, nitalala vipi?"

Akampigia Metui, simu haipatikani. Akapiga tena na tena. Mwishoni akajifunga kitenge, akashuka Mto wa Mbu, akapanda basi la Loliondo. Safari ya vumbi na mawe, kupita Sale, mpaka Oloipiri. Alimkuta Metui anapakia watu kwenda kwenye sherehe ya ukoo. Mama yake Metui alikuwa ameshakaa ndani, amevaa shanga zake zote.

"Yeyo, karibu," Metui akamwamkia kwa heshima, kama mama yake. Lakini aliposikia habari akatabasamu. "Gari langu halina shida. Angalia chini, kuna tone?"

"Keti. Kanyaga breki, usiachie."

Metui akakanyaga. Polepole, mguu ukazama. Ukazama mpaka chini. Akazima gari, akashuka. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kuwaambia watu wake kwa Kimaa, shukeni wote.

Wakaenda wawili kulalamika kwenye ofisi inayotetea walaji, yaani sisi wanunuzi. Kesi ilivuta miezi. Mbaazi za msimu ule zilinyeshewa, na wapo waliomcheka Felista njiani. Lakini uamuzi ulipotoka, muuzaji alitakiwa kuwatafuta wote walionunua pikapu zile na kuwabadilishia. Tangazo lilisomwa redioni. Felista alipata gari lake wakati mmoja na wengine.

Jumamosi, kaburini, mama yake Metui aliomba kusema. Mwanawe akatafsiri: "Huyu mama hakunijua. Alikuja kunishusha."

Kwako Marsela, kwa ukoo wa Qamara na akina mama wa Daa, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze Felista mahali pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize jambo moja. Ukidai haki yako na ukaipata, ukaambiwa nyamaza, utamkumbuka aliye nyuma yako?