Sanda Mapajani mwa Soilihi

Kijiweni kwetu, mtaa wa Mahabibo, tulikuwa wanne: mimi Oumouri mshona kofia; Soilihi fundi baiskeli, mrefu kuliko sote; Fahardine, ambaye tangu uhuru tulimwita Waziri kwa kuwa alijua mambo yote ya serikali bila kuulizwa; na Maoulida, aliyelazwa hospitali miezi miwili akatoka Daktari. Tulizoea kuchanganya Kikomoro na Kimalagasi. Hapa nakuandikia Kiswahili ili usipitwe. Siku hiyo, baada ya adhuhuri, kahawa ilipoa hakuna aliyeigusa. Soilihi alikuwa ameshuka kwenye basi na furushi lisilo lake, na ndani ya furushi mlikuwa na sanda.

— Hebu sema tena, taratibu, Waziri akaamuru.

— Nimekaa basini, watu wamejaa. Bibi mmoja kasimama mbele yangu, simjui hanijui, akaniwekea mzigo wake nimpakatie. Kugeuka, keshashuka! Nafungua nijue ni wa nani, nakuta nguo nyeupe, pamba na kafuri.

— Na kesho unasafiri, akasema Daktari.

— Ndiyo hilo! Kesho bandarini Antsahampano, nivuke kisiwani Nosy Be. Binti yangu Echata kajifungua, Ijumaa mtoto ananyolewa, wananingoja mimi nimpe jina. Nitapandaje chombo na sanda nishapewa? Siendi. Napiga telegramu.

— Usiwe na haraka, Waziri akasema. Hii ni serikali. Siku hizi za uhuru kila raia anapewa chake mapema. Wameanza na warefu.

— Kwa nini warefu?

— Nguo yao ndiyo shida kupatikana.

— Serikali gani inatuma bibi kizee? nikauliza.

— Ya siri.

— Acheni upuuzi, Daktari akadakia. Yule hakuwa bibi. Hospitali niliona wagonjwa watatu wakitembelewa na bibi wasiyemjua.

— Wakafa? Soilihi akauliza.

— Walipona. Lakini walikonda sana!

— Basi ni Israili mwenyewe, Waziri akabadili msimamo bila aibu. Mji umekua, kutembea kumemchosha. Siku hizi anapanda basi. Anagawa vifaa kwanza, roho anakuja kuzitoa baadaye.

— Astaghfirullah!

Nilitaka kucheka, nikamtazama Soilihi. Alikuwa analifunga lile furushi na kulifungua tena. Nilimwonea huruma kwelikweli, maana mtoto wa Echata alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

Mara akatokea bibi mfupi, anahema, akasimama mbele ya benchi letu. Soilihi akapiga shahada.

— Alhamdulillahi, bibi akasema. Dereva kaniambia jitu refu la kijiwe cha Mahabibo. Lete furushi langu, mwanangu.

— Ni... ni lako?

— La nani basi? Sanda yangu hiyo, nimeinunua mwenyewe, mwaka wa sita huu naiweka sandukuni. Nilimpelekea dada yangu mtaani Mangarivotra aione. Wamenisukuma mlangoni nikashuka mikono mitupu. Nimelia mie, hata sijui nimelia kiasi gani.

— Kwa hiyo si yangu mimi?

— Wewe na urefu huo? Ingekufika magotini!

Soilihi akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Sisi nasi tukacheka kama watu waliotoka kuugua.

— Koko, akasema, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu, kesho naenda Nosy Be kumpa mjukuu wangu jina!

— Nenda salama, baba, Mungu akukuzie.

Bibi akalikumbatia furushi lake, uso umemnawiri. Kisha akamtazama Soilihi tena.

— Lakini nikuulize. Mimi nimesimama tangu Mangarivotra, na miguu yangu hii mibovu. Mzigo uliupakata vizuri sana. Mbona mimi hukunipisha nikae?

Waziri akatazama barabara. Daktari akakohoa. Na bibi bado alikuwa amesimama mbele yetu.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Soilihi.