Waziri Aliyeinuka Kabla ya Rais

Mama mfiwa, watoto, majirani, na waheshimiwa mlioketi hema la mbele, anayesoma mbele yenu ni mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, naye anaomba tusikilizane mpaka mwisho, kwa sababu kuna waliokuja jana kutuomba tusifike huko mwisho.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Daktari Mapigo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba za walimu nyuma ya shule ya msingi ambako baba yetu alifundisha hesabu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alisoma shule hiyo hiyo, akichapwa na baba darasani na kubembelezwa na baba huyo huyo nyumbani, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya udaktari mwaka 1977. Jina la Mapigo alilipata wodini, kwa kuwa ukimpa mkono hakuuachia, vidole vilikuwa vimeshateremka kwenye kifundo kuhesabu mapigo ya moyo, na mtu aliyekuja kusalimia tu aliondoka ameambiwa akapime presha.

Tarehe 12 Agosti 1979 alifunga ndoa na mkunga wa hospitali aliyofanyia kazi, mama huyu mnayemwona, ambaye kwanza alimkataa mara mbili, kwa madai kwamba daktari huyu anaongea na wagonjwa kuliko anavyoongea na wazima, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Mwaka 1994 aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya, habari aliyoisikia redioni akiwa chumba cha upasuaji, akamaliza kwanza kushona, ndipo akaenda kula kiapo. Katika Baraza la Mawaziri alikaa mwisho wa meza, ubavuni mwa Waziri wa Habari, wakawa marafiki wa kuingiliana majumbani. Chumba kile kilikuwa na sheria zake, kwamba Rais akinyamaza hakuna wa kusema, na asipoinuka yeye hakuna wa kuinuka, na watu wazima na akili zao, maprofesa wakiwemo, mtusamehe kwa kusema, walibana mkojo mpaka kikao kiishe.

Sasa tumefika pale tulipoombwa turuke. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, Rais alikuwa akifoka kuhusu uhaba wa dawa, akanyamaza ghafla na kuinamisha kichwa, na kwa vile ilikuwa kawaida yake kunyamaza akikasirika, wote waliinamia makaratasi yao, kila mmoja akiomba hasira ile isimwangukie yeye. Marehemu, ambaye wizara yake ndiyo iliyokuwa ikisemwa, alikuwa na sababu kuliko wote ya kutulia tuli, lakini alipotupa jicho aliona mdomo wa Rais umekwenda upande, na chai ya moto imemwagikia mapajani, naye hashtuki. Aliinuka. Waziri wa Habari akamvuta koti aketi, marehemu akajinasua, akamlaza Rais ubavu kwenye zulia, akalegeza tai na kufungua kola apate hewa, na mlinzi wa mlangoni, ambaye alichokiona ni waziri aliyekemewa sasa hivi akiwa na mikono shingoni mwa Rais, akaita wenzake. Walimshukia kwa vitako vya bunduki, wakamvunja mfupa wa bega, huku akipiga kelele kwamba ni kiharusi, kwamba mzee akimbizwe hospitali. Waheshimiwa hawakufungua kinywa.

Rais aliwahishwa, akapona. Jioni ile Waziri wa Habari alisoma redioni, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba Waziri wa Afya amefutwa kazi kwa utovu mkubwa wa nidhamu mbele ya Mkuu wa Nchi, na kabla ya wiki kwisha mji mzima ulikuwa unajua, loo, walivyojua, kwamba daktari alitaka kumnyonga Rais. Uchumba wa binti yake mkubwa ukavunjika, na zahanati aliyofungua ikakaa na viti vitupu. Mama alimuuliza, si mara moja, alimfanya nini yule mzee, naye alijibu kwamba habari za mgonjwa hazisemwi, akabadilisha mazungumzo. Mama ameturuhusu tuseme kwamba tangu siku ile aliishi na mume ambaye hakuwa na hakika naye. Hilo linatuuma kuliko bega.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2019, akafariki hospitalini Jumapili tarehe 14 Mei 2023. Jumatano alikuja msibani mjane wa Rais, akiwa na yule mlinzi wa mlangoni, siku hizi mtu wa mkongojo, wakaketi karibu na mama wakaeleza yote haya. Alisema mumewe alitaka kumsafisha daktari, wasaidizi wakamwambia kwamba kufanya hivyo ni kukiri kuwa Rais aliwahi kudondoka, basi yakaachwa. Alisema tusome. Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Waliokuja jana kututaka tufute, kwa heshima ya taifa, tuliwapa chai, wakanywa, wakaenda zao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliohangaika nasi usiku na mchana, na wote waliofanya naye kazi. Kwa mujibu wa ratiba, anayefuata ni msemaji wa waliokuwa mawaziri wenzake, ambaye ni Waziri wa Habari wa wakati ule. Mzee wetu, karibu, kipaza sauti ni hiki, watu wale wale waliokusikia redioni wako hapa, na mama anasikiliza.

Nawe kaka, pumzika, uwe na amani. Mgonjwa wako hukumsema, tumemsema sisi.